Mwendo Usio na Shughuli: Kutembea Nyikani kama Ibada

Mwezi wa Juni mwaka juzi nilikuwa nikishuka kutoka kwenye kilima kimoja cha mawe upande wa Ng'ong'ona, nje kidogo ya mji wa Dodoma, nilipokutana na mzee aliyekuwa akichunga mbuzi. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, wayo wa mguu wa pili ameuegemeza gotini, uzito wake ameuachia fimbo, na ilionekana amenitazama kwa muda mrefu kabla sijamwona. Nilimwamkia, akaitika marahaba, kisha akaniuliza, "Umepotelewa na ng'ombe, mwanangu?" Nikamwambia hapana. "Mbuzi, basi." Mbuzi pia sikuwa nao. Akafikiri kidogo, akasema kwamba bila shaka nilikuwa nikichimba dawa. Nilipolikana hilo nalo na kumwambia kwamba natembea tu, aliviangalia viatu vyangu, akakiangalia kilima, akanishauri niwahi kurudi kabla jua halijawa kali.

Maswali yale matatu yalikuwa ya haki. Katika nchi ya Ugogo mtu anayezunguka porini polepole, akisimama kila baada ya hatua chache na kuinama kuangalia chini, ama amepotelewa ama anatafuta, na mwenye akili zake hutarajiwa kukitaja kitu anachokitafuta. Makala haya yanajaribu kueleza aina ya mwendo ambao hauna kitu cha kutaja, ambao watu wa dini mbalimbali wameufanya kuwa ibada, na ambao siku hizi unazungumzwa sana mijini kwa namna inayofunga pamoja mambo yasiyofanana: mazoezi ya mwili, utalii, hija, matambiko na sala.

Neno lenyewe

Mkanganyiko wa kwanza umo ndani ya lugha, na kwa bahati nzuri Kiswahili chenyewe kinatoa njia ya kuutatua. Mtu aliyetoka Chang'ombe hadi sokoni Majengo kwa sababu hana nauli husema amekwenda kwa miguu. Miguu hapo ni chombo cha usafiri, sawa na baiskeli au bodaboda. Lakini mtu huyo huyo akisema Jumapili jioni kwamba anatoka kutembea kidogo, au kwamba wiki iliyopita alikwenda kutembea kwa shangazi yake, hazungumzii chombo. Anasema kwamba hakuna shughuli iliyomtoa nyumbani, na huko kwa shangazi huenda alifika kwa basi. Kutembea, kwa maana hiyo ambayo wazee bado wanaishika, ni mwendo uliofunguliwa kutoka kwenye kazi.

Lugha hiyo hiyo ina wasiwasi na mwendo wa namna hiyo. Wahenga walisema kwamba mtembezi hula miguu yake, wakimaanisha kuwa mzururaji hapati chochote zaidi ya uchovu, na wahenga hao hao walisema tembea uone. Nadhani methali hizi mbili hazigombani kama zinavyoonekana, kwa sababu ya kwanza inamsema anayetembea bila kuona na ya pili inaamrisha kuona, na ibada tunayoizungumzia imo katika kitenzi hicho cha mwisho. Inafaa pia kukumbuka kwamba mzizi wa kwenda umetupatia mwendo, yaani namna mtu anavyopiga hatua, ukatupatia na mwenendo, yaani tabia yake. Anayemsifu jirani kwa mwenendo mwema anayaeleza maisha yake kana kwamba ni hatua za njiani.

Mazoezi, hija na matambiko

Tangu ofisi za Serikali zihamie Dodoma, barabara za pembezoni hujaa alfajiri watu waliovaa raba na saa za mkononi zinazohesabu hatua, na wengi wao hurudi wakisema wamejisikia vizuri hata rohoni. Sina sababu ya kuwabishia. Hata hivyo mazoezi yana kipimo kilicho nje ya mwendo wenyewe, kama vile kilo, mapigo ya moyo au umbali, na mfanya mazoezi akiona amechelewa huongeza kasi. Anayetembea kwa ibada hana anachokichelewea. Akitumia saa nzima akafika mita mia nne tu, kimazoezi amefeli, ilhali kiibada huenda hajawahi kutembea vizuri kuliko siku hiyo. Kinachotenganisha hayo mawili ni nia, na jambo hili msomaji Mwislamu halihitaji maelezo marefu, maana anajua kwamba kutokula kule kule huwa saumu au huwa njaa kwa nia peke yake.

Hija ni habari nyingine, kwa sababu hija ina mahali. Mwendo wa kwenda Makka, Yerusalemu au Santiago de Compostela, hata ukiwa wa miezi mingi, hupata maana kutokana na pale unapoishia. Zipo desturi zinazokaa katikati ya mambo haya mawili: Watibeti wanaouzunguka Mlima Kailash, mzunguko wa kilometa zipatazo 52, huurudia mlima huo bila kukanyaga kilele chake, kwa hiyo safari yao ina kitovu lakini haina mwisho wa kufikia. Kutembea nyikani kama ibada kunakaribiana na mzunguko huo kuliko kunavyokaribiana na safari ya kufika.

Huku kwetu kanda ya kati jambo linalohitaji uangalifu zaidi ni Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa, katika barabara kuu iendayo Babati. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, katika eneo la kilometa za mraba 2,336 lenye mapango na miamba iliyoinama ipatayo zaidi ya 150. Mtu akipanda kwenye ngazi za mawe zile za mteremko wa Bonde la Ufa, jasho likimtoka na mkono wake umeshikilia shina la mti mwembamba, hufika ghafla mbele ya ukuta ambapo watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu wamesimama pamoja na wanyama wakubwa wa porini, na mahali pengine michoro ya baadaye ya rangi nyeupe imekuja juu yao. Ni rahisi sana pale kutetemeka na kuiita hali hiyo ibada.

Lakini baadhi ya miamba hiyo ina wenyewe. Mungomi wa Kolo ni mahali ambapo wenyeji bado huenda kuomba mvua na uponyaji, na huenda na sadaka, wakiongozwa na wanaostahili kuongoza. Yaani wana shida iliyotajwa kwa jina, wana utaratibu, na wana mtu wa kuwajibika utaratibu ukikosewa. Mgeni aliyepanda kwa saa mbili akapiga picha na kufumba macho kwa dakika tano hakushiriki jambo hilo, na kusema kwamba ameungana na mizimu ya pale ni kujipa kitu ambacho hakupewa. Anaweza kabisa kutembea Kolo kwa unyenyekevu na akamwomba Mungu wake njiani. Asichoweza ni kuichukua ibada ya wenzake kama mtu anayechukua kokoto ya kumbukumbu.

Wagogo wana neno linalonisaidia kuuona upana wa tofauti hii. Mbeho kwa maana ya kila siku ni upepo au baridi, lakini katika mambo ya mila neno hilo hutaja hali ya kiibada ya nchi nzima: mbeho ikiwa njema mvua hunyesha na watu pamoja na mifugo huzaa, ikiharibika nchi huugua. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyefanya utafiti Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, alieleza ibada za utakaso ambamo wanawake hushika kwa muda nafasi za wanaume, kisha huenda hadi mpakani upande wa magharibi kuitupa hali ile mbaya nje ya nchi. Huo nao ni mwendo wa ibada katika nyika, ila hakuna anayeutembea kwa ajili ya utulivu wake binafsi. Unatembewa kwa niaba ya wote, wakiwemo waliobaki nyumbani. Ninapowasikia watu wa mjini wakisema wanakwenda porini "kujitafuta", hulikumbuka jambo hili, na naona kwamba mila iliyo chini ya miguu yetu ilikuwa na dai kubwa kuliko hilo.

Hofu ya kuabudu miti

Waumini wengi wa Dodoma, wa msikitini na wa kanisani, wakisikia habari za kutembea porini kama ibada hushtuka kwa sababu moja: wanahisi kwamba huko ni kuabudu uumbaji badala ya Muumba. Hofu hii haipaswi kuchekwa, maana mibuyu mingi ya mkoa huu ina sifa ya kukaliwa na mizimu, na mtu anayeonekana amesimama kimya mbele ya mbuyu wakati wa magharibi hujitafutia maneno. Jibu lakini limo ndani ya maandiko ya dini zenyewe, tena si kwa kudokezwa tu.

Katika Qurani, Sura ya Al-Imran, wenye akili wanaelezwa kuwa ni wale wanaomkumbuka Mungu wakiwa wamesimama, wameketi na wamelala, na wanaotafakari uumbaji wa mbingu na ardhi mpaka wakakiri kwamba havikuumbwa bure. Sura ya Al-Ankabut inaamuru watu watembee katika ardhi waangalie jinsi uumbaji ulivyoanzishwa. Na Sura ya Al-Furqan, inapoanza kuwataja waja wa Rahmani, haianzi na swala zao za usiku wala na utoaji wao. Inaanza na namna wanavyotembea juu ya ardhi, kwa unyenyekevu, kisha ndipo yafuate mengine. Anayetaka kujua kama mwendo unaweza kuwa ibada atue hapo. Ardhi ndiyo inayokanyagwa na jicho ndilo linaloangalia, lakini anayekumbukwa ni Mungu, na mti unabaki kuwa mti.

Biblia nayo inaanza mapema. Henoko anasifiwa kwa jambo moja tu, kwamba alikwenda pamoja na Mungu. Isaka alikuwa ametoka kondeni wakati wa jioni kutafakari, ndipo alipoinua macho akaona ngamia wanakuja na Rebeka juu yao. Eliya alitembea siku arobaini hadi Horebu, akapitishiwa upepo, tetemeko na moto, na baada ya hayo yote ikaja "sauti ndogo, ya utulivu". Wahubiri wengi hulisimulia jambo hilo wakianzia pangoni. Naona wanaziruka siku arobaini za miguu ambazo ndizo zilizomfanya Eliya aweze kuisikia sauti ya namna hiyo, kwa maana mwanzo wa safari alikuwa mtu aliyechoka kuishi, amelala chini ya mretemu akiomba afe. Na wale wawili wa njia ya Emau walimtambua Bwana wakati wa kuumega mkate, lakini wenyewe walikiri kwamba mioyo yao ilikuwa ikiwaka tangu njiani.

Kwa hiyo kipimo ninachokipendekeza kwa mwenye hofu ni rahisi. Ajiulize maneno yake yanaelekezwa kwa nani. Akiwa anaushukuru mti, amerudi pale anapopaogopa. Akiwa anashukuru kwa ajili ya mti, yuko mahali pale pale aliposimama mtunga zaburi.

Mwendo wa lazima

Kuna pingamizi jingine, na hili sina jibu jepesi kwake. Mkoa wa Dodoma hupata mvua ya milimita 500 hadi 700 hivi kwa mwaka, karibu yote ikinyesha kati ya Desemba na Aprili, na miezi iliyobaki ni ya kusubiri. Katika vijiji vingi vya Chamwino, Bahi na Chemba, ifikapo Septemba, wanawake na watoto huondoka usiku kwenda kuchota maji katika visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa makorongo, wakisubiri yajae tena kikombe kwa kikombe. Mtu wa aina yangu, aliyepata kiamshakinywa na mwenye chupa ya maji begani, akianza kuwaeleza watu hao faida za kiroho za kutembea polepole, anastahili kimya atakachojibiwa.

Historia nayo haina huruma. Njia kuu ya misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ilikata Ugogo, na kabla ya kuifikia Ugogo wapagazi walivuka jangwa la Marenga Mkali upande wa magharibi wa Mpwapwa, na wakishaiacha Ugogo waliingia Mgunda Mkali. Mizigo ya kilo thelathini na zaidi ilikuwa vichwani na mabegani mwao, na wengine walitembea wakiwa wamefungwa minyororo. Watemi wa Kigogo waliwatoza wenye misafara ushuru wa kupita na wa maji, ushuru ulioitwa hongo, neno ambalo leo linatumika kwa jambo jingine. Reli ilipofika Dodoma mwaka 1910 upagazi wa njia hiyo ulianza kufa, na sidhani kuna mpagazi aliyeusikitikia mwendo ule.

Je, mwendo wa lazima hauwezi kuwa ibada? Hapa humkumbuka Hajar. Mwanamke aliyeachwa na mtoto mchanga katika bonde kavu, alikimbia baina ya Safa na Marwa mara saba akitafuta maji. Hakuwa akitafakari, alikuwa na hofu ya mama. Ndio mwendo huo, mwendo wa mtafuta maji, ambao mamilioni ya mahujaji huurudia kila mwaka kama nguzo ya Hija, wawe matajiri au maskini. Kumbe ibada kubwa ya mwendo katika Uislamu ilizaliwa na shida ile ile inayowatoa wanawake wa Bahi kitandani saa tisa za usiku. Ninachojifunza hapo ni kwamba mwendo wa lazima unaweza kubeba ibada, lakini anayeweza kusema hivyo ni yule mwenye ndoo kichwani. Wa pembeni kazi yake ni kuchimba kisima.

Kinachotokea mtu anapotembea

Tukishatoa mazoezi, hija, matambiko na mwendo wa lazima, kinabaki nini? Kinabaki kitendo chepesi sana kukielezea na kigumu kukifanya: mtu anatembea taratibu mahali penye uhai usiotegemea mkono wake, na kila akili inapokimbilia deni, mkutano au ugomvi wa jana, anairudisha kwenye hatua, pumzi na kile kilicho mbele yake. Watawa wa Kibuddha wa madhehebu ya Zeni huko Japani hufanya hivyo kati ya vipindi vya kuketi, mikono imekunjwa kifuani, na katika shule ya Soto mguu husogea nusu hatua tu kwa pumzi moja. Wenzao wa madhehebu ya Tendai katika Mlima Hiei wana zoezi la siku 1,000 za kutembea milimani, zilizogawanywa katika miaka saba. Njia hizo mbili hazifanani hata kidogo kwa kasi wala kwa umbali, ila zote zinautumia mwili kama kigingi cha kufungia akili.

Wanasayansi wamelichungulia jambo hili kutoka upande wao. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wakiongozwa na Gregory Bratman waliwapeleka watu kutembea dakika 90, wengine kando ya barabara yenye magari mengi, wengine katika nyasi kavu zenye miti iliyotawanyika na vichaka. Kundi la pili lilirudi likiwa limepunguza tabia ya kuyarudia rudia mawazo mabaya kichwani, na sehemu ya ubongo inayohusishwa na tabia hiyo ilikuwa imetulia zaidi. Kwa mtu wa Dodoma kinachovutia ni mandhari iliyotumika: wala haikuwa msitu wa mvua wenye maporomoko, ilikuwa nchi inayokaribiana na hii yetu. Isisahauliwe lakini kwamba utafiti huo ulipima akili iliyotulia. Haukupima sala, na utulivu ni mlango ambao mtu anaweza kuufungua kisha akabaki amesimama kizingitini.

Nchi isiyojionyesha

Watu husema Dodoma hakuna cha kuona. Kauli hii hutolewa zaidi kati ya Juni na Novemba, majani yakiwa yameanguka, udongo mwekundu ukipeperuka na chamchela zikizunguka katika mashamba yaliyovunwa. Mimi naamini kwamba ukavu huu ni neema kwa anayejifunza kutembea. Mandhari nzuri sana humfanyia mtazamaji kazi yote, naye hubaki kupokea. Nyika ya Ugogo haimpi kitu mpaka yeye mwenyewe atoe usikivu kwanza.

Chukua jiwe. Vilima vya mviringo vilivyouzunguka mji ni granaiti ya mwamba mama wa zamani, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ukiupita kwa gari unaona jiwe la kijivu. Ukikaa juu yake asubuhi unaona kwamba limechubuka matabaka matabaka kama kitunguu, kwa sababu ya joto la mchana na baridi ya usiku, na kwamba katika kila ufa vumbi limetuama na nyasi tatu zimejaribu kuota. Mjusi mwenye kichwa cha rangi ya chungwa anatikisa kichwa juu chini. Pimbi wanakohoa mahali usipopaona. Ukigonga kibamba cha jiwe kilichoachana na mwamba, kinalia kama debe.

Au chukua mbuyu, ambao mtu wa hapa ameuona mara nyingi mno kiasi cha kutouona tena. Karibu na mwanzo wa mvua, baada ya miezi mingi ya kusimama uchi, mbuyu hutoa maua meupe makubwa yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu, na maua hayo hufunguka jua linapozama. Nimewahi kukaa chini ya mmoja upande wa Hombolo nikisubiri, na kwa nusu saa ya kwanza sikuona chochote kikitokea, mpaka nikaanza kujiona mjinga na kumkumbuka yule mzee wa mbuzi. Kisha vile vikombe vya kijani vikapasuka kwenye mstari, vikajikunja kwenda juu, na petali nyeupe zilizojikunyata kama nguo iliyofuliwa bila kupigwa pasi zikaanza kujinyoosha kwa mwendo ambao jicho liliweza kuufuata. Harufu ilikuja baadaye, nzito, na haipendezi sana. Popo walikuja baada ya harufu. Asubuhi yake maua mengine yalikuwa yameanza kunyauka, na kabla siku haijaisha ng'ombe walikuwa wakiyala yaliyoanguka. Sikuomba neno hata moja jioni ile, lakini naihesabu miongoni mwa sala zangu.

Usikivu huo hauwezi kuchagua mazuri peke yake. Anayetembea katika miteremko ya Kondoa hukutana na makorongo makubwa yaliyochimbwa na maji baada ya miti kukatwa na nchi kulishwa kupita kiasi. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kabisa katika eneo lililoharibika zaidi ili ardhi ipone, uamuzi uliowaumiza wafugaji. Leo pale kuna vichaka na nyasi juu ya kingo za makovu. Mtu anayetembea hapo kwa tafakuri hana budi kuyaona yote mawili, kosa na uponyaji na gharama iliyolipwa na watu ambao hawakuulizwa sana. Na kama ana desturi ya kutubu, sijui mahali panapofaa zaidi.

Adabu za njiani

Kuhusu namna ya kufanya, maneno machache yanatosha. Wakati mzuri ni alfajiri baada ya swala au sala ya asubuhi, au saa moja na nusu hivi kabla ya magharibi. Simu ibaki mfukoni imezimwa sauti, kwa usalama tu. Mwanamke anayetaka kutembea peke yake ana mambo ya kufikiria ambayo mwanaume huyasahau, na kwenda wawili bila kuongea hakupunguzi kitu. Kama njia inapita kwenye shamba la mtu, mwenyewe aombwe. Kama inapita kwenye hifadhi au kwenye mapango ya michoro, achukuliwe mwongozaji, na michoro isiguswe.

Vitabu vya nchi nyingine husisitiza ukimya usiovunjwa, na hapo naona havifai kufuatwa huku. Katika Ugogo mtu akikupita bila salamu amekuambia kwamba wewe si mtu. Anayesema "Mbukwenyi" kwa kina mama waliotoka kutafuta kuni, akasikiliza habari za nyumbani, za watoto na za mvua, kisha akaendelea na njia yake, hajaikatiza ibada. Mimi nilipoanza nilikuwa nikiinamisha uso ili nisisemeshwe, na nilirudi nyumbani siku hizo nikiwa na utulivu mwingi na aibu kidogo. Sasa nasimama. Mara nyingine salamu huchukua muda mrefu kuliko mwendo.

Kinachobaki ni kurudi. Baada ya mvua, kuanzia Aprili hadi Juni, hakuna anayerudi kutoka porini akiwa peke yake: mbegu za kishona nguo hujaa kwenye pindo za suruali na kwenye soksi, vijiti vyeusi vyembamba vyenye meno mawili au matatu, na hazitoki kwa kupukutwa. Nakaa kizingitini, navua viatu, nachomoa moja moja na kuziweka kwenye kifuniko cha chupa ili zisiote uani. Kazi hiyo huchukua kama robo saa. Mwanzoni nilikuwa nikiifanya huku nikisoma ujumbe wa simu, na soksi zikabaki zikinichoma wiki nzima.